Usiku Meno Yalale Majini

(Hotuba ya mwalimu mstaafu kwa wazee waliokutana katika ukumbi wa parokia mjini Moshi, 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani)

Wazee wangu, shikamooni. Wadogo zangu, na ninyi wakwe zetu mlioketi kule nyuma, hamjambo. Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu zetu Waislamu mliotoka Njoro na Pasua, asalaam aleikum.

Waliotangulia wamesema vizuri kuhusu presha na sukari, sitawarudia. Mimi nimechagua jambo ambalo katika mikutano yetu yote sijasikia likitajwa, ingawa nikizitazama nyuso zilizomo humu naamini tuko wengi tulioingia nalo ukumbini. Ni meno bandia. Sizungumzii jino moja la kuziba pengo. Nazungumzia seti nzima, 14 juu na 14 chini, ya mtu ambaye hakubakiwa na jino lake hata moja. Mimi ni mmoja wa watu hao. Nina miaka 73, na kila neno mnalolisikia sasa hivi linapita kwenye meno yaliyotengenezwa maabara.

Niweke sawa jina kwanza. Wapo wanaoyaita meno ya plastiki. Jina hilo silitumii, maana huku kwetu lina historia inayoumiza. Mtoto mchanga akiharisha na kupata homa, kuna waliosema ana meno ya plastiki, wakampeleka kwa mtu akamchokonoa fizi kwa chuma kisicho safi na kutoa vijino vichanga ambavyo ndivyo vingekuja kuwa chonge zake. Wapo watoto waliokufa kwa vidonda hivyo, na kuhara kwenyewe hakujatibiwa. Kwa hiyo haya yetu tuyaite meno bandia, na tulitamke jina lake kwa sauti, kwa sababu shida ninayotaka kuieleza imeletwa na kunong'ona.

Aibu yetu ya meno ilianza zamani, tungali na meno tuliyopewa na Mungu. Miamba ya volkano ya huku kwetu hutia maji madini yaitwayo floridi. Shirika la Afya Duniani linashauri floridi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa, na ziko chemchemi na visima vya Arumeru vinavyopita mbali kiwango hicho. Magadi tunayotia kwenye maharage na kiburu ili viive upesi nayo huongeza. Mtoto akiyanywa maji hayo wakati meno yake ya utu uzima bado yanajengwa ndani ya taya, meno yanatoka na madoa ya kahawia ambayo hakuna mswaki utakaoyaondoa. Wala kuyachemsha maji hakusaidii: maji hupungua kwa mvuke, floridi inabaki kwenye sufuria.

Nilipokwenda chuo cha ualimu, mkoa mwingine, msichana mwenzangu wa bweni alinipa dawa yake ya meno bila mimi kuomba. Alidhani sipigi mswaki. Nilikuwa napiga asubuhi na jioni. Tangu siku ile nikaanza kucheka nimeziba mdomo kwa kiganja. Humu ndani wapo wanaokijua kicheko hicho.

Meno yale yalikwenda moja moja, kwa kuoza na kwa ugonjwa wa fizi. La mwisho liling'olewa mwaka niliostaafu, nikiwa na miaka 60. Nikachukua sehemu ya kiinua mgongo changu, nikatengenezewa seti ya juu na ya chini. Nilipojitazama kwenye kioo nililia. Yalikuwa meupe, yamepangika, hayana doa. Kwenye harusi ya binti yangu nikacheka mdomo wazi, mikono yote miwili nimeiweka mapajani. Nikaapa moyoni kwamba hakuna mtu duniani atakayeniona tena bila meno. Kiapo hicho ndicho kilichoniharibia kinywa.

Pale nilipotengenezewa waliniambia nizoee taratibu kutafuna, wakanipa siku ya kurudi endapo yatanibana. Kuhusu kuyasafisha hawakuniambia neno, wala mimi sikuuliza, maana kuuliza kungekuwa kukubali kwamba kuna saa nitayatoa. Usiku ule nililala nayo. Nililala nayo miaka 6. Mume wangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kuniona nikiyatoa. Niliamka kabla yake, nikajifungia bafuni, nikayasugua harakaharaka kwa mswaki mgumu na dawa ya meno, dakika haijaisha yameshaingia. Tena niliyasugua upande wa nje, ule unaoonekana nikicheka. Upande wa ndani, unaolala juu ya nyama yangu, niliumwagia maji tu.

Mwaka wa tatu pembe za midomo zikaanza kupasuka. Jirani akasema ni upungufu wa vitamini, nikala mchicha na mnafu kila siku. Hapakupona. Nikapewa dawa ya kupaka, pakapona, baada ya mwezi pakarudi. Nikapaka tena, pakapona, pakarudi. Mwisho nikafika kwa daktari wa meno, kijana wa umri wa mwanangu wa mwisho, naye akasema: "Mama, naomba uyatoe." Nikageuka kwanza kuutazama mlango kama umefungwa. Nilipoyatoa akanishikia kioo kidogo, nikaliona kaakaa langu. Lilikuwa jekundu kama lililopakwa rangi, na wekundu ule ulikuwa na mipaka: ulianza pale seti inapoanzia na kuishia pale inapoishia.

Nikamwambia, "Mbona haliniumi?" Akajibu, "Ndiyo maana umekaa nalo."

Akanieleza, nami nawaeleza ninyi kama nilivyokuwa nikieleza darasani. Ile sehemu ya rangi ya waridi, fizi ya bandia, imetengenezwa kwa akriliki, kitu kilichoanza kutumika kwa kazi hii mwishoni mwa miaka ya 1930. Kwa macho inaonekana laini kama kioo, lakini ina vitundu vidogo sana tusivyoviona. Humo hukaa utando wa ukoga, na ndani ya utando huishi fangasi aitwaye Candida albicans. Fangasi huyo watu wengi wanaye kinywani wala hawadhuru. Tunapompa joto, giza, mabaki ya chakula na usiku mzima bila kusumbuliwa, anaongezeka. Mate ndiyo yanayotuoshea kinywa mchana, na tukilala mate hupungua. Kwa hiyo saa zile za usiku ambazo kinywa hakijioshi, ndizo mimi nilizokuwa nimekifunika. Mwenye kisukari, au anayekaukwa mate kwa sababu ya dawa anazotumia, hatari yake ni kubwa zaidi.

Na dawa ya kupaka ilishindwa kwa sababu ilimtibu mwenye nyumba tu. Fangasi alikufa kwenye midomo na akabaki kwenye meno, na kila asubuhi niliyarudisha meno yaleyale kinywani. Atakayepata ugonjwa huu ajue kwamba yanatibiwa mawili kwa pamoja, kinywa na meno yenyewe, la sivyo atatibiwa mwaka hadi mwaka.

Liko na jingine lililonishtua zaidi ya wekundu. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wazee 524 wenye umri wa miaka 85 na kuendelea, kwa miaka 3. Wale waliolala na meno bandia walikuwa na hatari ya kupata nimonia takriban mara mbili ya wasiolala nayo. Usingizini mzee huvuta tone la mate likaingia njia ya hewa bila yeye kujua, na lililomo kwenye mate hayo linashuka nalo kifuani. Tumewazika wangapi wetu kwa nimonia, tukasema ni baridi ya Julai? Sisemi wote walikuwa na meno bandia. Nasema hakuna aliyeuliza.

Jioni niliyotoka kwa daktari nilimweleza mume wangu. Nilieleza nimeinamisha kichwa, kama msichana aliyeharibu kitu cha watu. Hakusema neno. Aliinuka akaenda jikoni, akarudi na kikombe chake cha chai kimejaa maji, akakiweka kwenye stuli upande wangu wa kitanda. Ndicho ninachotumia mpaka leo.

Sasa nifike kwenye kuosha kwenyewe. Mnivumilie niende polepole, kwa sababu hapa tunaharibu kwa nia njema.

Kabla hujayashika, jaza maji kwenye beseni au tandika taulo kwenye sinki. Mikono yetu inatetemeka, sabuni inateleza, na meno yakianguka kwenye saruji yanapasuka katikati. Tumia mswaki laini, ambao kazi yake ni hiyo tu, pamoja na maji ya kawaida na sabuni ya kipande au tone la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Sugua pande zote, na nakuomba uanzie ndani, pale palipogusana na fizi na kaakaa. Nje jirani anapaona, ndani hakuna atakayekukumbusha. Unayetumia gundi ya kushikilia meno hakikisha yote imetoka, kwenye meno na kwenye fizi, kwa sababu mabaki yake huvundikia uchafu. Suuza mpaka ladha ya sabuni iishe.

Dawa ya meno mliyoizoea muiache. Ina chembe za kusugulia, na akriliki ni laini kuliko jino la asili, hivyo chembe hizo huichora akriliki. Hutaona mchubuko, lakini ukoga utauona, utashika hapo na hautatoka tena kirahisi. Mkaa uliosagwa, majivu, chumvi kavu na mchanga ni vibaya zaidi. Mama yangu alisugua meno yake kwa mkaa mpaka akafa na meno yake, namheshimu kwa hilo, lakini alikuwa na meno ya asili. Mswaki wa mti, huu unaouzwa na vijana wa Kimasai mitaani, ni mzuri kwa mwenye meno ya asili. Kwenye meno bandia nyuzi zake hazifiki kwenye mabonde ya ndani.

Maji ya moto ni kosa letu sisi kina mama. Tumelea watoto kwa kuchemsha chupa, tukaamini kila kinachoingia kinywani kisafishwe kwa kuchemshwa. Akriliki ikipata maji yanayochemka hupinda, na ikishapinda haikai tena kinywani. Seti ya juu hushikwa na utando mwembamba wa mate kati yake na kaakaa. Umbo likibadilika kidogo tu, inaning'inia unapoongea.

Na Jik. Najua wapo wanaoyalaza humo usiku kucha ili yawe meupe. Mtaipausha ile fizi ya waridi na kuidhoofisha akriliki. Mwongozo waliotoa wataalamu wa meno bandia wa Marekani mwaka 2011 unasema meno yasikae kwenye dawa ya aina hiyo zaidi ya dakika 10. Kwa hiyo kama daktari wako amekuelekeza kuitumia, iwe imechanganywa na maji mengi kwa kipimo alichokupa, dakika zisizidi hizo, kisha usuuze sana. Kama meno yako yana waya au sehemu ya chuma usiitumie kabisa, na usithubutu kuichanganya na siki, kwa sababu hutoa hewa yenye sumu. Vile vidonge vya kutoa povu vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa vinasaidia, lakini povu halikuondolei kazi ya mswaki, na kidonge ni cha kuwekwa kwenye kikombe chenye maji na meno. Hakitiwi kinywani. Kabla ya kuyarudisha meno, yasuuze.

Kisha kinywa chenyewe. Tunasema "sina meno, nisafishe nini?" Fizi zipo, kaakaa lipo, ulimi upo. Chukua mswaki laini sana au kitambaa safi kilicholowa, upanguse polepole kila jioni. Inachukua muda mfupi kuliko kumenya ndizi moja ya mtori.

Usiku meno yalale majini. Yasifungwe kwenye leso, yasiwekwe chini ya mto wala mfukoni mwa koti. Akriliki ikikauka hubadilika umbo. Kikombe kiwe na mfuniko, maji yabadilishwe kila siku, na kiwe mahali pamoja ambapo nyumba nzima inapajua.

Hapo kwenye nyumba nzima ndipo penye kazi. Hebu tuifikirie Desemba. Wanetu wanapanda kutoka Dar es Salaam na Mwanza, magari yanajaa uani, kila chumba kina magodoro chini. Bibi analala na wajukuu watano. Mwaka mzima ameyalaza meno yake kwenye kikombe kwa utaratibu mzuri, lakini wiki ile anaona haya, anayafunga kwenye kitambaa cha karatasi na kuyasukuma pembeni ya kitanda. Asubuhi mkwe mwenye bidii anafagia, anaona karatasi iliyofinyangwa, anaitupa jalalani pamoja na maganda. Hilo limetokea kwenye ukoo wangu. Sikukuu nzima dada yangu alikaa chumbani akisema anaumwa kichwa, na mkwe yule mpaka leo haelewi kwa nini alinuniwa. Mficha uchi hazai. Dada yangu angewaonyesha wajukuu kile kikombe siku ya kwanza, wangeshangaa kwa dakika 5, wakauliza maswali yao yote, kisha wakaenda kucheza.

Jingine ni gumu kulisema mbele ya watu, lakini nimeomba ruhusa kwa familia. Mzee mmoja wa kijijini kwetu alipatwa na kiharusi, akawa hawezi kuongea. Wanawe walimhudumia kwa mapenzi, walimlisha uji na mtori, walimgeuza kila baada ya saa chache asipate vidonda mgongoni. Baada ya wiki kadhaa kinywa kikaanza kutoa harufu na akawa anakataa kula. Walidhani ndiyo safari inakaribia. Muuguzi aliyekuja kumwona ndiye aliyegundua kwamba yale meno mazuri ya mzee yanatoka. Mke wake marehemu pekee ndiye aliyejua. Chini ya seti ya juu palikuwa na chakula cha siku nyingi na kidonda. Palipooshwa, mzee alianza kula tena.

Wale watoto wasilaumiwe. Mkwe gani atamtia baba mkwe wake kidole kinywani bila kuambiwa? Kwa desturi zetu hata kumtazama machoni anaona haya. Ndiyo maana nasema kazi hii ni yetu sisi tunaoyavaa, tuifanye tungali tuna sauti. Mchague mmoja nyumbani. Mimi nimemchagua mjukuu wangu wa darasa la sita, kwa sababu mjukuu na bibi ni watani na hakuna mwiko kati yao. Nimemwonyesha yanavyotoka, la juu linavyosukumwa kwa kidole gumba ili hewa iingie, la chini linavyoinuliwa. Ameyaosha mbele yangu mara tatu. Nikilazwa leo hospitali yoyote, yeye ndiye atakayewaambia wauguzi kwamba bibi yake ana meno ya kutoa. Na ninyi mnaotulea, binti zetu na dada wa kazi, msisubiri tujitaje. Tuulizeni, kwa adabu, mkiwa faragha na sisi.

Kuhusu kwenda hospitali sitakaa sana. Kwenda mara moja kwa mwaka kunatosha kama hakuna shida, hata kama huna jino la kung'oa. Meno yakiisha, mfupa wa taya huendelea kupungua, wa chini zaidi kuliko wa juu, ndiyo maana seti iliyokaa vizuri mwaka wa kwanza inacheza mwaka wa nane. Mengi huhitaji kuwekewa bitana mpya au kubadilishwa baada ya miaka kati ya 5 na 10. Yakivunjika msiyabandike kwa supaglu. Na kidonda cha kinywani kisichopona kwa wiki 2, hata kama hakiumi, mpelekee daktari akione, maana saratani ya kinywa nayo huanza hivyohivyo, kimya.

Nilifundisha historia, kwa hiyo mniruhusu moja. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alipoapishwa mwaka 1789 alikuwa amebakiwa na jino moja. Alivaa seti iliyochongwa kwa jino la kiboko, nayo ilimtesa, na jambo hilo lilimtia haya. Mtu aliyeongoza jeshi na nchi. Basi haya hii haikuanza Kibosho wala Marangu, na hatukuumbwa nayo peke yetu.

Kwenye meza ile ya dirishani kuna beseni mbili za maji, miswaki laini, kipande cha sabuni na taulo. Asiyetaka kuonekana, kuna chumba cha masista hapo nyuma, kina mlango unaofungwa na beseni ya tatu. Hakuna atakayelazimishwa. Nitaanza na ya kwangu, hapahapa, mbele yenu. Nikiyatoa sitaweza kutamka vizuri, kwa hiyo maelezo nimeyamaliza kabla. Mjukuu wangu atasimama kando yangu awaambie ninachofanya.

Njoo, mwanangu. Nisogezee taulo.